Uyoga Katika Nyumba Yako

Kola,
Machakos.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Nzau,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, joto la huko Doha limepungua? Na mgongo wako umepona? Sisi ni wazima, ila Mama anasumbuliwa na goti na hataki kuambiwa apumzike.

Uliniuliza kama uyoga una pesa au ni porojo tu. Una pesa, lakini si kama wale wa semina ya uyoga walivyotudanganya. Mbegu, mifuko, chokaa, kuni za kuchemshia makapi ya kuoteshea, pamoja na maji, vilinila shilingi elfu tano. Makapi ni ya maharagwe yetu, hayo ni bure. Maji nanunua kwa mitungi, na hapo ndipo panauma.

Mavuno ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Uyoga unataka giza na unyevu, ndiyo maana nilikuomba nyumba yako ya udongo. Lakini si unamjua Mama? Tangu uondoke, kila asubuhi hufungua madirisha yako, eti nyumba ya mwanawe isikae kama ya marehemu. Upepo ukaingia, uyoga ukakauka kama ngozi ya mbuzi. Nilipomwambia asifungue tena, alininunia wiki nzima.

"Mwikali, unataka nimfungie Nzau nje ya nyumba yake?"

Nikamkabidhi bomba la kunyunyizia maji, nikamwomba anisaidie. Sasa yeye ndiye meneja! Anaingia asubuhi, anafunga mlango nyuma yake, ananyunyiza, na uyoga anausalimia kwa jina lako. Nacheka mpaka mbavu zinauma. Nina furaha, kaka. Sijamwona hivi tangu uende.

Mara ya pili tulivuna kilo ishirini na mbili, na hoteli moja mjini ikanunua kwa mia tano kilo. Ukitoa gharama, zilibaki elfu sita. Si utajiri, lakini muhula huu binti yangu Kalondu hakurudishwa nyumbani kwa karo.

Sasa nina ombi. Ulisema Desemba utaibomoa hiyo nyumba ujenge ya mawe. Tafadhali jenga pale chini karibu na tangi, hii uniachie. Sina pesa za kujenga nyingine, na ikibomolewa biashara imekwisha.

Kalondu na mjomba Maundu wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini na akurudishe salama.

Mama naye nilimuuliza utalala wapi ukija. Hakufikiria hata kidogo: "Atalala kwangu, kama zamani. Ile nyumba iko na wenyewe."

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwikali