Mtasema na Shauri Yenu

Shikamoo, Baba.

Marahaba yako nimeisikia, maana hukuwahi kuichelewesha. Ni mimi, Kabula wako. Nimepata nafasi! Walimu wanne wa chuo waliniweka kitimoto, wakakubali niendelee na fizikia. Mama alipiga vigelegele mpaka kijiji kizima cha Magamba kikadhani tuna harusi.

Lakini Baba, kuna neno linaniuma. Likizo ile ya mwisho nilikusimulia masomo yangu, ukaniuliza, "Hiyo supu yenu haionekani wala haiguswi. Mtaijuaje?" Nikakujibu, "Baba, wewe huwezi kuelewa." Ukacheka, ukaenda kukamua ng'ombe. Simu ya msiba iliponifikia, ulikuwa umeshazikwa. Nisamehe.

Sasa sikia. Yule mwalimu mkali kupita wote akaniuliza swali lako lile lile! Viini vizito vya atomu vikigonganishwa kwa kasi ya ajabu, vinayeyuka kuwa supu ya kwaki na gluoni, yaani vijichembe vya ndani yake kabisa, na supu yenyewe inatoweka kabla hujapepesa jicho. Mtaijuaje? Weee, fomula zote zikanikimbia. Nikabaki nawaona Mtasema na Shauri Yenu, mbwa wako uliowapa majina ya kuwasema majirani.

Unakumbuka masika? Ulikuwa unapanda nao kwenye kichuguu pale ukingoni mwa mbuga. Mimi namwita Mtasema upande wa karibu, kaka anamwita Shauri Yenu kutoka ng'ambo. Mtasema anafika mkavu, mkia juu. Shauri Yenu anakatiza mbuga nzima, na kaka anapaza sauti: tope limefika tumboni, anahema! Unasema, "Leo ng'ombe hawapiti." Na hujalowesha hata ndala.

Basi nikawaambia walimu hivyo hivyo. Ndani ya supu inachomoka michirizi miwili ya chembe, ikipeana mgongo. Ulio karibu na ukingo unatoka na nguvu zake. Mwenzake unakatiza supu, unatoka hoi, na kwa uchovu wake tutajua supu ni nzito kiasi gani. Wakacheka sana. Yule mkali akauliza nani kanifundisha. Nikasema baba yangu, mfugaji.

Ulikuwa unaelewa, Baba. Asiyeelewa nilikuwa mimi.

Mwaka huu wa 1998, mitambo ya kugonganisha viini hivyo bado inajengwa huko Ulaya na Marekani. Siku wakiniambia mchirizi wa pili umetoka hoi, nakuja kaburini kwako kwanza, maprofesa watasubiri.

Leo asubuhi mimi na kaka tumewatuma tena mbwa wako mbugani. Shauri Yenu katoka na tope hadi masikioni. Ng'ombe wamebaki zizini. Pumzika, Baba.

Binti yako,
Kabula