Kwa Ambrose Griswath, Aliyehesabu Wenye Jina Lake

Mwaka umetimia, Ambrose, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Februari, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Katika bonde zima la Garthrigg hakuna anayelijua jina la Griswath kuliko mimi mkeo, Hester. Nimejisifu, sawa. Ukweli ni kwamba kila ulipoanza kunieleza asili yake, usingizi ulinichukua kabla hujafika kwa yule mfalme wa kwanza.

Ulikuwa fundi wa kuta za mawe, zile zinazopangwa bila saruji wala chokaa. Theluji ikiyeyuka na kuta za watu zikalala chini, ulikwenda kuziinua bila kuitwa. Mwenye shamba akitoka kukushukuru, unamuuliza kama kwao hakuna bibi aliyezaliwa Griswath. Watu walikuwa wanajificha nyuma ya mapazia, Ambrose. Ukuta waliutaka, maswali hawakuyataka.

Fungate yetu tulikwenda Scarborough. Kabla ya hoteli, kabla hata ya kuiona bahari, uliingia kwenye kibanda cha simu ukafungua kitabu cha namba, herufi ya G. Mimi nikasimama nje mvuani na samaki na chipsi za watu wawili. Ulitoka uso unang'aa. "Hester, yupo mmoja!" Nami nilikuwa nimeshakula za watu wawili.

Miaka ya mwanzo ulituambia Griswath wa kwanza alikuwa askari wa farasi, alivuka bahari na mfalme kutoka Normandi. Ukamfundisha hivyo mwanetu Maurice, akaenda kuringa shuleni. Kisha kasisi akakufungulia sanduku la vitabu vya zamani vya parokia, na jioni ile ulirudi ukanywa chai iliyopoa. Kumbe jina lenu ni maneno mawili ya watu wa kale wa huku kaskazini: watoto wa nguruwe, na mahali pa kuvukia mto kwa miguu.

"Farasi hayumo?" nikakuuliza.

"Hayumo."

"Hata mmoja?"

"Hester, nyamaza."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Siku ya tatu ukaanza kucheka na wewe, na wiki haikuisha, ukawa unajivunia nguruwe kuliko ulivyojivunia farasi. Ulisema farasi mtu hupewa na mfalme, lakini nguruwe, Griswath wa kwanza alijifugia mwenyewe, na mto akauvuka mwenyewe.

Kilichokukosesha raha ni idadi. Ulipoanza kuhesabu mlikuwa arobaini na mmoja nchi nzima. Kila Pasaka ulipiga taipureta jarida la kurasa mbili, ukawapelekea ndugu wote: nani kaoa, nani kavunjika mguu, na mstari wa mwisho, mmebaki wangapi. Waliozaliwa na jina tu. Mimi niliyelifua jina hilo, nikalipigia pasi, nikalizalia mtoto, miaka hamsini na mmoja hukunihesabu hata siku moja. Na kwa miaka kumi na tisa mfululizo hesabu yako haikusogea: kumi na wanne.

Ulipoondoka wakabaki kumi na watatu. Ndivyo nilivyojua.

Halafu mjukuu wetu Rowena akajifungua mtoto wa kiume. Sheria inampa siku arobaini na mbili kumwandikisha. Mumewe, Neil, ni mtu mpole, lakini ana mama, na mama huyo anataka mtoto awe Robinson kama watu nusu ya mji wao. Siku ya kumi Rowena akanipigia simu, mtoto analia huku, mama mkwe anasema kule.

"Bibi, Babu alinibebesha mzigo. Kama bado tuko kumi na watatu, mtoto achukue jina la baba yake, yaishe, nilale. Kama tumekwisha, nitasimama na jina letu, hata Neil akahamie kwa mama yake. Niambie ukweli tu. Tuko wangapi?"

Nikamwambia nitahesabu.

Nikawaandikia wale kumi na mmoja wa mbali, nikiwaalika kwenye chai ya kumbukumbu yako. Mmoja akajibu, binamu yako Septimus wa Whitehaven, ana miaka themanini na minane, anauliza kama nyama ya paja itakuwepo. Barua kumi zikarudi. Hajulikani. Amehama. Amefariki zamani. Nikayashusha maboksi yako ya viatu, yale ya kadi za ndugu, kila mmoja na yake. Binamu yako Lavinia wa Hull, ambaye jarida lako la mwisho lilisema amepata zawadi kwenye maonyesho kwa ajili ya liki zake, zile mboga za jamii ya vitunguu, nyuma ya kadi yake umeandika kwa mkono wako: Amekufa Machi 1979. Nilikwenda kumzika. Mvua.

Maurice alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Mama, Baba alikuwa anajua."

"Kujua tu? Na liki za marehemu alikuwa anazimwagilia yeye."

Tangu siku hiyo situlii. Nayatoa maboksi jikoni nayapeleka chumbani, nayatoa chumbani nayapeleka stoo. Nafungua dirisha, nafunga dirisha. Usiku nakugombeza, mchana nakutetea. Jina lako nalitaka liendelee, usidhani silitaki. Mimi ndiye niliyelala nalo. Lakini yule binti nimemwona amekonda, ananyonyesha huku anabishana, chai yake inapoa mezani kila nikimtembelea. Nikasema, Ambrose alidanganya miaka kumi na tisa ili alale yeye. Mimi nikidanganya mara moja ili alale huyu, dhambi yangu itakuwa ndogo kuliko yake.

Jumapili iliyopita mtoto alikuwa na siku thelathini na tisa. Rowena akaja kuniandikia tangazo hili la kumbukumbu yako, maana watu wa gazeti walisema mwandiko wangu wameushindwa. Mtoto kalala kwenye kikapu miguuni petu. Tukafika mahali pa majina, nikakaa sawasawa, nikamsomea kwa sauti ya kanisani.

"Unakumbukwa na mkeo Hester. Mwanao Maurice. Mjukuu wako Rowena na mumewe Neil. Binamu yako Septimus wa Whitehaven." Nikavuta pumzi, nikaingia kwa wale wa barua zilizorudi. "Aubrey wa Whitby. Mapacha wa Carlisle. Lavinia wa Hull..."

Kalamu ikasimama. "Lavinia hajambo, Bibi?"

"Hajambo, mwanangu. Goti tu linamsumbua."

"Na bustani?"

"Mwaka huu liki zake kama mkono wangu huu. Mko wengi, mjukuu wangu, mmejaa tele. Mpe mtoto jina la baba yake mkapumzike."

Rowena akaiweka kalamu chini, taratibu.

"Jumatano nilimpeleka mtoto Hull, akamwone Lavinia. Mlango ulifunguliwa na fundi wa baiskeli. Amekaa nyumba ile miaka kumi na minane. Kila Pasaka jarida la Babu lilimfikia, na alilisoma, Bibi, mpaka mwisho. Anasema Lavinia kila mwaka alizidi kupona, akaona vibaya kutuandikia kwamba amekufa. Mwaliko wako wa chai ndio uliomshinda, akaurudisha."

Nikamtazama mtoto. Mtoto hakunisaidia.

Akainama, akatoa bahasha kwenye mfuko wa nepi. Ndani, cheti cha kuzaliwa, wino mpya, cha tangu Alhamisi. Edwin Griswath.

"Na Neil?"

"Neil ndiye aliyetamka jina mbele ya msajili. Mama yake hajatusemesha tangu siku hiyo, na mimi nimelala siku tatu kama gogo." Akaishika tena kalamu. "Haya, tumalizie. Mwishoni niweke nini?"

"Andika, daima tutakukumbuka," nikasema upesi. "Halafu tunywe chai."

"Tutakukumbuka kina nani, Bibi? Sisi tulio hapa na mzee wa Whitehaven, au pamoja na Lavinia na goti lake?"