Tovuti Iliyomnyima Julienne Kaka

Kansanga, Kampala
14 Machi 2017

Mpendwa binti yangu Marlène,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Hujambo huko Liège? Kile kikohozi kimekuachia? Magoti yangu bado yananikumbusha barabara ya Uvira, ila macho yanasoma, nami sidai zaidi.

Sasa nikupe habari za wataalamu wetu. Chama chetu cha wakimbizi kiliwapa vijana wa Naguru, mkubwa wao Opoka, kazi ya kutengeneza tovuti ya kutafutia ndugu waliopotezana. Walikuja na kompyuta zenye vibandiko vingi kuliko akili. Jirani yangu Julienne alikuwa wa kwanza kutafuta. Tovuti ikamjibu kwamba hana ndugu katika kambi yoyote. Akarudi nyumbani, akaanza kumpangia kaka yake Bénit matanga.

Nilipolalamika, Opoka alisema majaribio yote yamepita, akanionyesha mstari wa kijani kwenye kompyuta, ndiyo alama ya kufaulu. Nikakumbuka ulichoniambia kwa simu, kwamba niulize yamefanyika mangapi. Marlène, hata moja. Chombo cha kupimia walikielekeza kwenye folda tupu, nacho kikatangaza kwamba hakuna kosa. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakisifu sufuria tupu kwa kuwa chakula hakikuungua.

Nikawakalia mpaka wakaanza upya: folda sahihi, majina ya kubuni yaliyotengwa na ya watu halisi, kila kipande cha programu kipimwe peke yake. Ni sawa na kunawa mikono kabla ya kupika, nao walihitaji mzee wa kuwasimamia.

Hata hapo, katika familia waliyoibuni, baba na watoto wote walikuwa na jina moja la ukoo, kama Wazungu wa kitabu chao cha mafunzo. Kijani tena. Kwetu, unajua, kila mtoto hupewa jina lake. Kwa Waacholi pia, na Opoka ni Mwacholi.

Nikamuuliza, “Oola ni nani kwako?”

“Mzee, nawe! Oola ni ndugu yangu, tumbo moja.”

“Basi pima hilo.”

Akaandika jaribio huku akicheka. Likatoka jekundu: hawa si ndugu. Wenzake wakamcheka.

“Hii kitu inanikana,” alisema Opoka.

Wakaifundisha programu kulinganisha majina ya wazazi, si jina la mwisho. Julienne akatafuta tena: Bénit yuko kambi ya Kyangwali, hai. Alipompigia simu, alimsikiliza tu kaka yake akimwita jina. Maharage ya matanga tuliyala kwa vicheko.

Opoka hajaniomba radhi, wala simngojei. Lakini sasa, kila wanapobadilisha chochote, mashine huuliza kwanza kama Opoka ana ndugu na kama Julienne ana kaka. Isipokubali, hawaendi mbele.

Nisalimie mumeo Ephraïm, na mama yako. Mungu awatunze, na awajue kila mmoja kwa jina lake.

Wako akupendaye,
Baba mkubwa Anselme