Bima ya Kunizika

Jumapili, 14 Juni 1998

Nimerudi Same na fomu ya bima ikiwa tupu. Nilipanda kijijini Chome kumweleza mama kwamba nimejitoa kwenye chama cha kuzikana, maana nikifa kampuni itanunua jeneza. Nilijiona mjanja.

"Na kutoka barabarani mpaka kaburini, kampuni itakubeba?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba sina muda wa kupanda mlima kwa kila msiba.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana kwenye kila msiba napeleka mizigo miwili ya kuni. Mmoja nawaambia ni wako."

Niliikunja fomu bila kuijaza, nikairudisha mfukoni.

Aliponisindikiza, nilimwangalia mgongo ulivyopinda. Siku zote nilidhani ni uzee tu.