Nia ya Mama

Nyumba ya nyuma ya duka la rangi,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nilitaka kuanza kwa utulivu, lakini tangu juzi kuna neno moja linanigonga masikioni: "Ati?" Ni sauti ya Padre wetu mzee, iliyotoka kwenye kiti cha kitubio ikajaa kanisa zima. Nisamehe salamu zikikufikia kwa kishindo. Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Baba Mdogo bado anabishana na redio? Sisi afya tunayo. Moyo ndio sijui niseme unaendeleaje.

Unajua masikio ya dada yako yalivyo siku hizi, baada ya miaka yote ya kuinamia cherehani. Padre naye ni hivyo hivyo. Kiziwi kampata kiziwi. Jumamosi mchana tulipanga foleni ya kuungama, mama mbele, mimi nyuma yake. Nilidhani ataungama yale yale ya kumsengenya mwenye nyumba na kusinzia wakati wa mahubiri.

"Nimemwombea binti yangu mabaya," nikamsikia.

"Ati?"

"Chuo, Padre! Cha ukunga! Nimeomba wamnyime!"

Kinyozi aliyekuwa nyuma yangu akaanza Salamu Maria kwa sauti ya mnadani ili amsitiri mama, Mungu ambariki, lakini kila alipovuta pumzi, mama alipenya.

Mwaka jana nilikuandikia jinsi nilivyokosa nafasi. Novena, zile sala za siku tisa, tuliisali pamoja, mimi na mama, goti kwa goti. Mwishoni kila mmoja alitaja nia yake kimoyomoyo, kisha tukaitikia Amina. Mama Mdogo, niliitikia Amina juu ya kukataliwa kwangu mwenyewe!

Padre akamuuliza kama anaogopa hukumu.

"Hukumu nitaikuta mbele, Padre. Ninalia kwa kuwa ninampenda, na nimempenda vibaya. Niliogopa nyumba bila yeye. Sasa yumo ndani, wala hacheki."

Kisha akalia, si kilio cha msibani, bali cha mtoto aliyevunja kitu asichoweza kukiunga. Darasa la katekisimu lilinifundisha majuto ya hofu na majuto ya mapendo. Nilipata alama zote. Sikujua kwamba majuto ya mapendo yana kamasi.

Nilitoka kwenye foleni bila kuungama. Mama akanikuta ngazini.

"Umesikia?"

"Mama, hata watu wa duka la ng'ambo wamesikia."

Alicheka, akajikuta analia tena. "Usinisamehe haraka haraka," akasema, "kama mtu anayefukuza nzi."

Tulirudi nyumbani, yeye hatua moja nyuma yangu, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimejilaumu mwaka mzima kwamba sikusali kwa imani ya kutosha.

Siri hii ni yake, nami nisingeitoa. Mwenyewe ndiye aliyenituma, jana baada ya misa: "Mwandikie mdogo wangu. Nimechoka kuwa mtakatifu kwenye barua zako." Kwa hiyo usimfiche kwamba unajua. Mpigie simu, na upaze sauti.

Nisalimie Baba Mdogo, Bibi, na yule binamu yangu Kijiko. Mwambie kukua si kurefuka tu. Mungu awalaze salama na awaamshe mkiwa na furaha.

Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Ila sikungoja iishe. Leo asubuhi nimepeleka maombi chuoni upya, na pale wanapouliza aitwe nani nikipatwa na jambo, nimeandika jina la mama.

Wako akupendaye,

Binti wa dada yako.