Picha Uliyoiacha Bila Chai

Madam,

Nakuandikia nimesimama. Karatasi iko juu ya ubao wa kuchorea, ubao nimeuegemeza kwenye ua wa zizi lako, na kila nikimaliza sentensi mbili natembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Ungekuwepo ungeshasema, "Otieno, keti, mlima hauendi mahali." Ulisema hivyo mara nyingi hadi wanafunzi wakaigeuza kuwa salamu yao. Lakini tangu tukuzike sijaweza kutulia. Nikiwa Sotik kwenye kazi yangu ya kuandika mabango ya maduka, nafikiria huku kwenu Sosiot. Nikifika Sosiot nataka kuondoka. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kesho ni maombi ya kumbukumbu yako. Vijana wanafunga hema pale kwenye nyasi, akina mama wa kanisa wanachambua mchele, na picha yako iko sebuleni, rangi haijakauka vizuri. Nimetoka nje kwa sababu siwezi kuitazama na siwezi kuacha kuitazama. Acha nikueleze.

Unaikumbuka picha yenyewe, ile ya shamba la chini linaloteremka mpaka kijitoni. Ndiyo uliyokuwa ukiichora ulipozidiwa. Mawingu ulikuwa umemaliza. Vilima vya mbali ulikuwa umemaliza, na ile mikaratusi ya kando ya barabara. Lakini nusu yote ya chini, pale penye chai, hukuweka rangi hata tone. Palikuwa na mistari ya makaa tu, mistari iliyopinda. Wageni wa matanga walipoondoka, mume wako aliitoa nyuma ya kabati akanikabidhi kwa mikono miwili. "Otieno, hii kazi ya mama imebaki nusu," Mzee Rono aliniambia. "Wewe maliza. Weka kijani, ile alikuwa anapenda." Akasema anataka itundikwe siku ya maombi, watu waone mke wake alikuwa nani. Nikajibu ndiyo, Mzee. Ningejibu nini kingine?

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Sheria yako naijua, uliniimbia miaka yote: picha iliyoanzwa nje inamalizwa nje, palepale, jicho likiwa kwenye kitu chenyewe. Basi nikabeba picha nikateremka nayo shambani, na shamba la chini halikuwepo. Yaani lipo, lakini Mzee amelipogoa. Baridi ilipoanza alileta watu wenye mapanga, wakaikata chai yote ikabaki vijiti vya kijivu vya kufika magotini, na matawi yaliyokatwa yametandazwa chini. Hakuna kijani. Ukitaka kijani pale ni mpaka ukitoe kichwani, na wewe ulikuwa ukisema kijani cha kichwani ni cha kupaka choo cha shule.

Nilikukasirikia, Madam. Leo nakwambia wazi. Ni wewe uliyetufundisha kuanza na chai. Unamkumbuka yule dada wa Nairobi aliyechanganya kijani asubuhi nzima, akakipata hasa, ile rangi changa inayokaribia njano, kisha akaenda kunywa uji? Aliporudi wachumaji walikuwa wameshapita na vikapu vyao, shamba limegeuka la kijani kizito, na yeye amebaki na kibao kimejaa rangi ya kitu kisichokuwepo. Ulicheka mpaka ukashika magoti. "Anga itarudi kesho," ukamwambia. "Chai haikungojangi." Tangu siku hiyo, kabla darasa halijatua mizigo, ulikuwa unatuma mtu aulize zamu ya kuchuma iko upande gani. Chai kwanza, anga mwisho. Sasa kwa nini picha yako mwenyewe, ya mwisho, uianze na anga? Kwa nini uniachie chai? Swali hilo nilikuwa nalo kitandani, nalo kwenye ngazi nikiandika "Hoteli Safi", nikaruka herufi F na mwenye hoteli akanitukana kwa lugha tatu.

Na nina haki ya kuuliza, kwa sababu mimi ndiye uliyenitesa kuliko wote. Nilikuja darasa lako la kwanza na rula na kamba, kama fundi wa mabango nilivyo. Ukaviweka kwenye mfuko wa aproni yako, sikuviona tena mpaka jioni. Ukanipa kipande cha makaa, kile cha kusafishia kibuyu cha mursik, maziwa yenu ya mgando, ukasema mti unaotuliza maziwa utatuliza na mkono wangu. Nikachora vilima, nikavipaka bluu. Ukasimama nyuma yangu. "Nyinyi watu wa ziwa, mkiona mlima mnaona maji." Nami nikakujibu kwamba nyinyi Wakipsigis mkiona mlima mnaona malisho, maana picha zako zote zina ng'ombe, hata ile ya ndani ya kanisa ina ng'ombe dirishani. Ulipenda kujibiwa. Nyumbani kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwandani, sikulelewa kujibu wakubwa, na wewe ulinizoesha vibaya.

Darasa linaendelea, lakini si vizuri. Wanakuja Jumamosi kama kawaida, wengine kutoka Kisumu, mmoja kutoka Bomet na meza yake ya kukunja. Mimi nawahamisha. Nikiwaweka juu ya barabara naona mwanga ni mbaya, nawapeleka kwa mikaratusi, kisha naona upepo, nawashusha kijitoni. Wiki juzi huyo wa Bomet akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, leo tunachora ama tunachunga?" Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia halafu nikaenda nyuma ya mti nikalia, na nikarudi nikawahamisha tena.

Jumamosi iliyopita nikaamua liwe litakalokuwa. Siku ya maombi ilikuwa imekaribia, Mzee alikuwa ananiangalia kila nikipita. Nikalishusha darasa zima shamba la chini, nikasimamisha stendi yako pale ulipokuwa unasimama, nikaweka picha yako juu yake. Nikachanganya kijani cha kichwani. Ndiyo, cha choo cha shule. Nilijiambia Mzee ndiye mwenye mke, na akitaka kijani apewe. Nikatoa na mkate, nikaumega, nianze kuufutia mistari yako ya makaa.

Madam, mistari ile ilikuwa inaniuma. Ilikuwa inashuka vizuri kutoka juu, halafu katikati ya mteremko inapinda yote, inayumba kando, kisha inashuka tena. Nilidhani ni ugonjwa. Nilidhani ni mkono wako ulivyokuwa umechoka siku zile, na sikutaka watu wa kanisa wauone mkono wako umechoka. Nilikuwa nimeshaushika mkate. Nilikuwa nataka kuinyoosha kwa rula.

Mzee akateremka na birika la chai ya wanafunzi. Akasimama nyuma yangu, pale ulipozoea kusimama wewe, akatazama shamba lake kama mtu aliyekutwa bila shati. "Hiyo mistari ya hapo chini isikushangaze," akasema. "Ni sisi tulikosea." Nikadhani anazungumzia picha. Alikuwa anazungumzia shamba.

Hukuwahi kunisimulia habari hii, ingawa ulinisimulia mpaka habari za meno yako. Kwamba chai ile mliipanda nyinyi wawili mlipooana. Kwamba jirani alikuwa ameazima kamba ya kupimia, na wewe hukutaka kungoja, ukaanza kupanda kutoka juu, naye Mzee kwa hasira akaanza kutoka chini kijitoni, kila mtu na jicho lake. Mlipokutana katikati mistari ilikataa kukutana. Mkagombana mpaka mkachoka, kisha mkaipindisha miche ya katikati ikaunganishwa hivyo hivyo. Mzee anasema mlilala bila kusalimiana na mkaamka mnacheka. Chai ikikua inafunika yote, mtu hawezi kujua. Ikikatwa tu, aibu inatoka nje.

Nikatazama shamba. Nikatazama picha. Mistari ya vijiti ilishuka kutoka juu, ikafika katikati, ikapinda yote kando, ikashuka tena. Pale pale. Mkono wako haukuwa umechoka, Madam. Ulikuwa unachora ndoa yako kwa makaa ya mursik, na ukakataa kuweka rangi mpaka chai ikatwe uione.

Ningenyamaza, labda. Lakini Mzee akaendelea, anamimina chai huku anasema tu, bila kujua anasema nini. "Mama alikuwa ananiuliza kila asubuhi, utakata chai lini, utakata lini. Nikafikiri ananisukuma kazi." Akampa mtu kikombe. "Na majirani walikuwa wamekata kitambo. Mimi nilikuwa namwachia kijani. Nilijua anachora."

Nikauweka mkate chini. Nikatembea mpaka kijitoni. Nikarudi. Nikaenda tena. Wanafunzi wakadhani tunahama, wakaanza kukunja vitu vyao. Niseme, nisiseme? Huyu mzee ameliacha shamba lake lipitwe na wakati wa kukatwa, chai imepanda mpaka kifuani, wachumaji wananung'unika, yote hayo kwa sababu yako. Na wewe uko dirishani unangoja panga. Mmoja anatunza kijani, mwingine anangoja kiondoke, mnakunywa uji meza moja. Na siku alipokata, alikata kwa sababu hakuona tena wa kumwachia.

Nikamwambia. Sikujua njia nzuri, nikamwambia tu, nikimwonyesha kwa kidole mistari yako na mistari ya shamba. Alitazama muda mrefu. Kisha akakaa kwenye kigoda chako, kile cha kukunja ambacho hakuna aliyekigusa, akashika birika mapajani.

"Si angesema," alisema.

Baadaye kidogo akasema, "Na mimi si ningesema."

Nilikwangua kijani chote nikakipangusa kwenye nyasi. Nikatafuta kijivu cha vijiti, nikatafuta udongo mwekundu unaoonekana katikati, na kahawia ya majani yaliyokatwa, ile kahawia uliyotupeleka Soin kuitafuta kwenye joto, tukakulalamikia siku nzima kwamba hakuna kitu cha kuchora. Sasa nafahamu ulikuwa unajifanyia mazoezi. Nikafuata makaa yako mstari kwa mstari. Nilikaa, Madam. Kwa kuwa kigoda kilikuwa na mtu, nilikaa kwenye matawi makavu, yakanichoma, na sikuinuka. Sikuhamisha mtu. Mawingu yalipokuja ya mchana, kama kawaida yake, yakaja na mvua ya mawe, na wanafunzi wakashika aproni ya plastiki ya wachumaji juu ya picha, mawe yanawapiga vichwani, mpaka nikafika kijitoni.

Nikaweka brashi chini nikidhani nimemaliza. Mzee, amelowa chapachapa, akainama akachungulia. "Na ng'ombe?" akauliza. "Mama haachangi ng'ombe." Nikamwambia mimi ni mtu wa ziwa, ng'ombe si kazi yangu. Akainyoosha mikono akaipangusa kwenye suruali, akachukua brashi. Hajawahi kushika brashi maisha yake, wewe unajua, alikuwa anasema darasa lako ni la watu wasio na ng'ombe wa kukamua. Akamweka ng'ombe katikati ya mteremko, pale penye kupinda, mlipokutana.

Ng'ombe huyo ana miguu mitatu na ndevu. Ni mbuzi, tuseme ukweli. Mkono wangu wa mabango unawasha, nimeingia sebuleni mara sijui ngapi nikiwa na brashi mfukoni, nikasimama mbele yake, nikatoka. Ndiyo sababu niko huku nje kwenye ua naandika. Nakuahidi sitamgusa. Nakuahidi pia chai itakapochipua nitalileta darasa hapa kupaka kijani, kwenye karatasi zao, si kwenye picha yako. Na Mzee nitamwuliza mambo kwa mdomo, nisubiri anijibu, hata kama itabidi nikae.

Pumzika, Madam. Kigoda chako kina mwenyewe sasa, Mzee ndiye anayekikalia. Kesho watu wa kanisa watauliza kwa nini shamba ni kavu, kwa nini mistari imepinda, na mbuzi amefuata nini kwenye chai. Nilimwambia Mzee nitawaeleza mimi, mwalimu wa kuchora. Amekataa. Amesema hiyo atawaambia mwenyewe.

Wako wa ziwa,
Otieno