Mjomba Amekuja Kusikiliza Tu

Mwenzangu, kaka amerudishwa rumande.

Si unajua jana walimkamata kwa hati ya mahakama, kisa alikosa tarehe ya kesi? Leo hakimu akasema dhamana ni haki yake, ila apatikane mdhamini mwenye kazi. Nikamgeukia mjomba. Si ndiye tuliyekuja naye?

Akasimama. "Mheshimiwa, mimi nimekuja kusikiliza tu."

Kusikiliza tu. Na asubuhi alimwambia mama, "Dada, tulia, mtoto leo analala kwako."

Nikasimama mimi. Hakimu akauliza kazi yangu. Nikasema nimemaliza chuo.

"Kaa chini, binti."

Kaka hakugeuka hata kuniangalia.

Mama ameandika sasa hivi: "Mmefika wapi? Maji yake ya kuoga yanapoa."